Djémila, mji wa Kirumi milimani: kuta zimesimamaje, na wanafunzi niwaanzie wapi?

mwl_chake

Asalaam alaykum. Natayarisha vipindi viwili vya historia kwa Kidato cha Tatu. Cha kwanza darasani, juu ya magofu ya Djémila kule Algeria. Cha pili ziara ya magofu ya Ras Mkumbuu, hapa Pemba. Djémila nimeuchagua makusudi: mtoto wa Pemba hahitaji kutafsiriwa jina, kila mtaa una Jamila wake. Warumi wenyewe wakiuita Cuicul.

Ya msingi ninayo. Mji uko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, kama kilomita 50 kaskazini-mashariki ya Sétif. Ulianzishwa zama za Kaisari Nerva (96–98) kwa ajili ya askari waliomaliza utumishi, ukahamwa baada ya karne ya 6, ukaanza kufukuliwa 1909, na UNESCO ikauingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1982. Nilipokwama ni hapa:

1. Ramani yake haina ule mraba wa miji ya Kirumi tunaousoma vitabuni. Kwa nini?
2. Kuta zake kwenye picha ni jiwe refu limesimama, kifusi, jiwe refu jengine, kifusi. Huo ni ufukara au ufundi?
3. Nataka wanafunzi washike kitu kwa mikono. Jaribio gani la chokaa linawezekana katika skuli isiyo na vifaa vingi?

mgongo_wa_ardhi

Wa alaykum salaam mwalimu. Suali la kwanza ndilo mama wa yote. Ukilijibu vizuri, la pili linakuwa limeshajijibu nusu.

Tao la Kaisari Caracalla na ukumbi wa maonyesho viache mwisho. Kila mwenye kamera anaanzia hapo, na ndiyo maana watu wanautazama mji huu bila kuusoma. Anza na suali la kitoto: mvua ikinyesha Djémila, maji yanakwenda wapi?

Mji umekaa juu ya mgongo wa ardhi wenye umbo la pembetatu, katikati ya mabonde mawili ya mito yanayokutana kwenye ncha yake ya kaskazini. Kulia mteremko, kushoto mteremko, mbele ncha. Mjenzi wa hapo hana hiari: barabara kuu lazima ifuate uti wa mgongo, nyumba zijipange pembeni yake, na mji ukitaka kukua una njia moja tu, kusini. Kwa hiyo Djémila una viwanja vikuu viwili. Cha kwanza kiko kaskazini ndani ya ukuta wa zamani, pamoja na hekalu la Kapitoli, nyumba ya baraza la mji na soko. Nafasi ilipokwisha wakatoka nje ya ukuta upande wa kusini, na zama za Kaisari wa ukoo wa Severus kikatandikwa cha pili, chenye mwinamo unaouhisi miguuni ukikikata.

Ukilishika hilo, tarehe zinajipanga zenyewe kutoka kaskazini kwenda kusini. Kaskazini ndio mji wa wale askari. Kusini yako mahamamu makubwa ya 183, tao la Caracalla la 216, hekalu la ukoo wa Severus la 229, kisha mtaa wa Wakristo wenye makanisa na nyumba ya ubatizo ya duara, wa karne ya 4 na ya 5.

Weka ramani ya Timgad kando yake. Timgad nao uko Algeria, ulianzishwa mwaka 100 na Kaisari Trajan kwa askari hao hao wastaafu, ila mahali penye nafasi. Ule umekatwa mitaa kama ubao wa drafti. Watu wale wale, karibu miaka ile ile, sheria zile zile, lakini ardhi mbali. Kitabu kinachosema "Warumi walijenga miji ya mraba" kimeitazama Timgad peke yake.

Ukumbi wa maonyesho nao ni mtoto wa mteremko. Una nafasi za watu kama 3,000, na umekaa upande wa mashariki, nje ya ukuta. Wameulaza ubavuni mwa kilima ili ngazi za kukalia zibebwe na ardhi yenyewe. Ungejengwa uwanda wa bure, ungehitaji matabaka ya matao chini yake, na mawe yake yangekuwa maradufu.

Kwa darasani fanya hivi. Kipande cha plaiwudi cha futi 3 kwa 2, ndoo moja ya lita 20 ya mchanga mbichi. Finyanga mgongo wa sentimita 60, upana wa 10 nchani na 30 upande wa pili, kimo cha 12 nchani kikipanda hadi 18. Wape viberiti 20 vitupu wavipange kwa mraba. Vya ukingoni vitaning'inia au vitaanguka, na hapo wenyewe watavigeuza vifuate mgongo. Baadaye mwagia nusu lita ya maji kwa kopo lililotobolewa. Waone mifereji inavyochimbika pembeni, halafu waambie kwamba chini ya barabara kuu ya Cuicul iliyotandikwa mawe ulipita mfereji wa maji machafu.

Jambo moja linaloharibu: mchanga mkavu unaporomoka, uliolowa sana unatiririka. Uminye kwenye ngumi. Ukibaki na alama za vidole bila ya kuchuruzika maji, sawa.

mwashi_malindi

Nalichukua la pili. Si ufukara, ni ufundi, na ufundi wenyewe ni wa Afrika. Wanachuoni wanauita opus africanum, na watu wa Karthago, mji wa kale katika Tunisia ya leo, walikuwa wakijenga hivyo kabla Warumi hawajaikanyaga ardhi ile.

Tazama ukuta mmoja kwa karibu. Jiwe refu la kuchonga linasimamishwa wima. Juu yake linalazwa jiwe jengine, refu kulia na kushoto kuliko lile la chini, kiasi cha kutokeza pande zote mbili. Juu ya lile la kulala linasimamishwa la tatu, na kuendelea. Huo ndio mhimili. Hatua chache mbele unakuja mhimili mwengine, na katikati yao panajazwa mawe madogo kwa udongo au chokaa. Lile jiwe la kulala ndilo lenye siri: masikio yake yanaingia ndani ya kifusi na kukibana, kwa hiyo mhimili na kifusi vinashikana, hakuna kinachosimama kivyake.

Faida yake ni hesabu ya kazi. Mchongaji hodari anachonga mihimili tu. Kifusi anajaza msaidizi yeyote, tena kwa mawe yanayookotwa hapo hapo shambani. Uzito wa dari na ghorofa unashuka kwenye mihimili. Baada ya karne nyingi mvua inakosha udongo, kifusi kinatoka, mihimili inabaki. Ndiyo hizo picha zako: kinywa kilichobakia magego.

Wanafunzi watakosea hapa, na watu wazima wanakosea pia: watadhani kila mihimili miwili ni fremu ya mlango. Mlango uthibitishe chini, si juu. Tafuta kizingiti cha jiwe zima kilicholala baina ya mihimili, chenye tundu la mviringo pembeni ambamo egemeo la ubao lilikuwa likizunguka. Hakuna kizingiti, hakuna mlango.

Sasa linganisha na ukuta wetu wa Mji Mkongwe. Sisi hatuna mihimili. Ukuta ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, unene wa sentimita 50 hadi 60 na wakati mwengine zaidi, na nguvu yake iko kwenye mwili mzima. Chumba chembamba, kwa sababu boriti la mkoko haliendi mbali zaidi ya mita 3 hivi. Ukuta wa namna hii lipu ikibanduka, maji yanaingia moyoni, udongo unalainika, na ukuta unatoa tumbo. Wa Cuicul unaweza kupoteza kifusi chote na bado ukajua chumba kilikuwa wapi. Wetu ukishafika hapo ni chungu la mawe.

Na tafadhali waambie mapema kuhusu saruji. Ukuta wa chokaa ukipigwa lipu ya saruji unanyimwa pumzi. Unyevu unaopanda kutoka chini haupati pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inaganda kuwa fuwele na kusukuma. Siku ikidondoka, haidondoki peke yake, inashuka na uso wa jiwe.

kigae76

Mwashi kasema kweli ya kuta za nyumba, lakini msije mkadhani mji mzima umejengwa hivyo. Tao la Caracalla na mahekalu ni mawe makubwa ya kuchonga yaliyokaa jiwe juu ya jiwe bila ya chokaa baina yao. Kinachoyashikilia ni uzito na usahihi wa mchongo. Mahali pengi Warumi waliongeza vibano vya chuma vilivyomiminiwa risasi iliyoyeyushwa, ili chuma kisicheze na kisipate kutu haraka. Kwenye magofu ya Kirumi ukiona tundu limechimbwa ovyo kwenye maungio ya mawe, aghlabu si la mjenzi. Ni la mwizi wa chuma na risasi wa karne za baadaye.

Maandishi ya tao hilo yanamtaja Caracalla, mama yake Julia Domna, na baba yake Septimius Severus aliyekuwa ameshafariki. Mwaka 1839 mwana wa mfalme wa Ufaransa, Duke wa Orléans, alilipenda mpaka akapanga livunjwe jiwe moja moja, lisafirishwe na lisimamishwe Paris. Alifariki 1842 na tao likabaki lilipo. Hicho ni kipande kizuri cha mjadala kwa Kidato cha Tatu, kizuri kuliko orodha ya Makaisari.

bint_wete

La tatu, chokaa. Mwalimu, hapa wanafunzi wako wamewatangulia wenziwao wa Ulaya, kwa sababu Zanzibar kupiga sakafu ni jambo ambalo wazee wanalijua kwa mikono: chokaa na kokoto juu ya boriti, watu wamejipanga na vigongo vya mbao, wanapiga kwa nyimbo mpaka inashikana. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika karne ya 1 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, anaeleza karibu kazi ile ile kwa sakafu ya nakshi za vijiwe. Chini kabisa mawe yasiyopungua ukubwa wa ngumi. Juu yake kokoto sehemu 3 kwa chokaa sehemu 1, ipigwe na kundi la watu kwa vigongo vya mbao, na ikishapigwa isipungue robo tatu ya futi, kama sentimita 22. Juu ya hiyo, tabaka la magae ya vyungu yaliyosagwa, sehemu 3 kwa chokaa 1, lisilopungua vidole 6, yaani sentimita 11. Hapo ndipo vijiwe vya rangi vinapangwa.

Magae ndiyo yenye kazi. Chokaa peke yake hukauka kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka nje, kwa hiyo huanza usoni na kwenda ndani polepole mno. Vumbi la udongo uliochomwa kwa moto wa wastani hushikana na chokaa hata penye maji. Ndiyo maana Warumi waliupaka mchanganyiko huo kwenye birika na mahamamu.

Jaribio lenyewe. Vipimo vyote kwa ujazo, kwa kopo moja la maziwa, si kwa uzani.

Mchanganyiko A: chokaa kopo 1, mchanga makopo 3.
Mchanganyiko B: chokaa kopo 1, mchanga makopo 2, vumbi la magae kopo 1.

Magae yatoke kwenye vyungu na mitungi ya kienyeji iliyovunjika. Twanga kwenye kinu kibovu, chekecha kwa chekeche ya unga. Kinachopita ndicho unachokitaka. Vigae vya sakafu vya dukani havifai, vimechomwa moto mkali mno na vumbi lake halishikani na kitu, linakaa tu kama mchanga.

Mchanga wa pwani uoshe mara tatu kwa maji ya kisima. Vitruvius mwenyewe analalamika kwamba mchanga wa bahari unachelewa kukauka na unatoa chumvi inayovunja lipu. Zaidi ya miaka 2,000, malalamiko hayajabadilika.

Maji tia kidogo kidogo. Donge likibaki kwenye mwiko ulioinamishwa, basi. Wengi hutia maji mengi ili kazi iwe laini, kisha wanalaumu chokaa kwa nyufa. Mimina kwenye visanduku vya mbao vya sentimita 5 kila upande, vilivyopakwa mafuta ya kupikia, vinne kwa kila mchanganyiko. Funika kwa gunia bichi siku 7, ulilowe asubuhi na jioni. Ukiviacha juani siku ya kwanza, maji yatakimbia kabla ya kazi kuanza, na utapata unga.

Siku ya 28 pasua kimoja cha A na kimoja cha B. Kama maabara ya skuli ina fenoftalini, dawa inayogeuka waridi penye chokaa, dondoshea kwenye uso uliopasuka hivi sasa. Kwenye A utaona ukingo mweupe na moyo wa waridi iliyokoza: waridi ni chokaa ambayo hewa bado haijaifikia. Kisha tumbukiza viliobaki kwenye ndoo ya maji siku mbili na uvikwaruze kwa msumari.

Chokaa hai, yaani ambayo haijazimwa kwa maji, isiguswe na mwanafunzi. Ikikutana na maji inachemka na inaunguza macho.

mgongo_wa_ardhi

Bint Wete umeniwahi. Naongeza mahamamu tu, maana watoto watauliza vyumba vilipashwaje moto. Sakafu ya chumba cha moto ilining'inizwa juu ya vinguzo vya matofali ya inchi 8, kimo cha futi 2. Juu ya vinguzo yakalazwa matofali makubwa ya futi 2, kisha tabaka za sakafu. Moto unawashwa nje ukutani, joto na moshi vinapita chini ya miguu ya watu na kupanda ndani ya kuta kwa vigae vilivyo na uwazi. Mwanafunzi aliyewahi kuingia Hamamni mjini Unguja, ile ya Sayyid Barghash, atakuwa ameshaona mpango wa vyumba vya moto na vya baridi. Kazi yako ni kumshusha chini ya sakafu.

mkumbuu_hadi_pujini

Nina pingamizi kidogo juu ya kulinganisha. Djémila na Ras Mkumbuu si ndugu. Mmoja ni koloni la askari lililopangwa na dola, mwengine ni mji wa Waswahili wa biashara ya bahari, wenye msikiti wa ijumaa na makaburi ya nguzo, na mwingi wa unaoonekana leo ni wa karne ya 14 na ya 15. Baina ya Kuhamwa kwa Cuicul na nguzo hizo pana mamia ya miaka. Ukiwaambia watoto "Warumi walijenga hivi na sisi tukajenga hivi", watatoka na picha ya mwalimu na mwanafunzi ambayo haikuwepo. Kulinganisha kunakofaa ni kwa kitu kimoja tu: jengo la mawe linakufaje.

Kule milimani muuaji ni barafu. Baridi ya kipupwe inashusha theluji, maji yaliyoingia kwenye ufa yanaganda, yanaongezeka ujazo kwa karibu sehemu 9 kwa 100, na ufa unapanuka usiku kwa usiku. Ras Mkumbuu hakuna barafu, lakini chumvi inafanya kazi ile ile: upepo wa bahari unaileta, jua linakausha, fuwele zinakua ndani ya tundu za tumbawe na kulimega. Sogeza macho karibu na ukuta bila ya kuugusa, utaona unga mweupe kwenye vitundu vya upande unaokabili bahari. Waulize upande wa pili unao kiasi gani.

Wa pili ni mizizi. Mkosi wa magofu ya Pemba ni mti unaoota juu ya ukuta. Hapa onyo: mtu asing'oe hata mche. Mzizi ulioshika mawe ukiung'oa unaondoka nayo. Kinachofanywa na wenye kazi ni kuukata mti, kuuacha mzizi ufe mahali pake, kisha kujaza mwanya kwa chokaa. Na hiyo ni kazi ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, ambako pia ndiko unakotaka ruhusa kabla ya kupeleka kundi.

Nguzo za makaburi wasiziegemee kupiga picha.

mwl_chake

Ahsanteni nyote, hasa kwa pingamizi, nimekibadilisha kichwa cha habari cha kipindi. Moja dogo la mwisho: nimesoma kwamba sokoni mwa Cuicul ipo meza ya vipimo. Ni ya nini hasa?

kigae76

Soko la Cosinius. Alilipia mtu wa mji ule, Lucius Cosinius Primus, na nduguye akasimamia kazi. Meza ni jiwe zima lenye mashimo ya ujazo tofauti, ili mnunuzi anayemshuku muuzaji aende kupima hapo mbele ya watu. Kipimo chao cha nafaka kilikuwa modius, karibu lita 8.7, na ndani yake sextarius 16. Wewe unayo pishi ya vibaba 4. Tafuta kibaba cha zamani, kijaze mchele ukaukate juu kwa kijiti, halafu kijaze tena bila ya kuukata, na upime tofauti ya mijazo yote miwili kwa mizani. Hiyo tofauti ndiyo iliyokuwa ikigombewa, kule na huku.

bint_wete

Na chokaa mwalimu, unaponunua, uliza kama ni iliyozimwa tupu. Ile inayouzwa tayari kwa kupaka nyumba mara nyengine imetiwa chumvi, na visanduku vyako vitakutolea maua meupe wiki ya pili ukadhani ni mchanga haukuoshwa.